Mama wa Skrini ya Chini

Kinanira, Bujumbura
17 Aprili 2005

Mama Annick, binti yangu mpendwa,

Amani ya Bwana itangulie kufika kwako kabla ya maneno yangu. Nakuomba radhi kwa kukawia kuandika. Kifurushi ulichomkabidhi Sista Scholastique kilifika salama baada ya Pasaka, na haikuwa adabu kupokea zawadi ya namna hiyo kwa ukimya.

Sisi tungali wazima. Mvua imebomoa kipande cha ukuta wa nyuma, na umeme unakuja kama mgeni asiyependa kukaa. Huko milimani juu yetu bunduki zimepunguza usemi, ingawa hazijanyamaza. Misa ya kumkumbuka marehemu mama yako ilisomwa Jumamosi iliyopita. Annick alisoma somo la kwanza bila kukwama. Mimi nilipiga kinanda, na kama kuna aliyesikia vidole vyangu vikigonga funguo mbili mahali pa moja, alinisitiri.

Sasa niseme kuhusu mashine. Nakiri kwamba nilipoifungua na kuona skrini mbili, moja juu na moja chini kama kurasa za misale, sikuipenda. Nilijiuliza kwa nini mtoto apewe madirisha mawili wakati hajajifunza kutulia mbele ya moja. Annick alinivumilia. Aliniketisha kando yake akanionyesha ule mchezo wa mtu aliyepotea pangoni. Skrini ya juu huonyesha kile tu anachokiona yule mtu, yaani giza na jiwe. Ya chini ni tupu, na mchezaji mwenyewe huchora humo ramani ya njia alizopita, kwa ile kalamu isiyo na wino.

"Babu," akaniambia, "ekra ya juu ni ya mwenye kutembea. Ya chini ni ya mwenye kujua njia."

Nikaomba nijaribu. Vile vitufe vya pembeni vilinishinda, maana vidole vyangu siku hizi havifiki pale ninapovituma. Lakini kwenye skrini ya chini hakuna kitufe cha kutafuta. Unapotaka kwenda ndipo unapogusa, na mkono unaotetemeka hupokelewa sawa na ule uliotulia. Nilitembea pangoni muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mzee wa rika langu.

"Babu, we unacheza muzuri. Unamupita Saliha."

"Saliha ni nani?"

"Wa kwa Mzee Anouar. Ana miaka sita."

Hivyo basi nafuta neno langu la kwanza. Skrini ya pili ina faida yake, na kugusa kuna faida kubwa zaidi.

Niruhusu nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo naona haya kulitaja. Ndani ya mashine kuna ukurasa wa kuandikiana. Mtoto anaandika chini kwa kalamu, anagusa alama ya kutuma, na maandishi yake yanapanda skrini ya juu. Annick husema, "Imeenda kwa Mama." Ulimwandikia kwamba umenunua mbili, moja yake na moja yako, ili muongee bila kulipa simu. Tangu siku ile, kila jioni akimaliza masomo, anakuandikia, kisha anaiweka mashine wazi juu ya meza na kula akiitazama. Jibu halijaja hata mara moja. Sikulaumu, mwanangu. Najua kazi ya kuosha wagonjwa inachosha. Nauliza tu, kwa sababu yeye haulizi tena.

Nakubariki.

Baba yako,
Anselme


Liège, 8 Mei 2005

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata jana. Nimefurahi kusikia misa ya Mama ilisomwa, na kwamba Annick alisoma. Mi niko muzima, ila mgongo unauma kidogo kwa sababu ya kuinua wazee. Huku sasa jua linachelewa kuzama, watu wanakaa nje wanakunywa bia kama kwetu. Unisamehe Kiswahili changu, huku ninaongea Kifaransa na Lingala tu, na Kiswahili nabaki nacho kichwani.

Baba, niliposoma hayo uliyoandika niliketi chini. Mimi pia nangoja. Kila jioni nafungua yangu jikoni, naandika: Annick, ni Mama, uko? Natuma. Inapanda juu, nabaki kuitazama. Hakuna kitu. Nilidhani amenikasirikia. Nilisema, nilimuacha ana miaka mitano, sasa ana kumi na mmoja, ana haki ya kuninyima jibu. Sikutaka kukuambia, kwa aibu.

Kijana aliyeniuzia alisema hii mashine inaongea na ingine bila waya, bila kulipa kitu. Nilimuuliza mara mbili. Alisema ndiyo, Madame, bila waya kabisa. Labda yetu imeharibika. Uliza mtu wa mashine huko.

Na nakuomba tena, Baba, usipige ile namba ya nyumbani. Mwezi uliopita ilipigwa mara mbili kutoka Burundi. Ukiwa na haraka, piga kazini.

Mwambie Annick sijanyamaza. Mwambie hivyo leo leo.

Mimi binti yako,
Odette


Kinanira, 29 Mei 2005

Mama Annick, mwanangu,

Salamu zangu zikukute mgongo umepata nafuu. Jipake mafuta ya mawese yenye chumvi kama alivyofanya mama yako, na usiwaonee haya Wabelgiji kwa harufu. Sisi tu wazima. Annick amekuwa wa pili darasani na amekasirika kwamba si wa kwanza.

Mashine zenu hazikuharibika. Nilikisoma kile kijitabu cha Kifaransa kilichokuja nayo, jalada hadi jalada, kama mapadre walivyotufundisha kusoma kitu kabla ya kukilalamikia. Yule kijana hakukudanganya. Mashine hizi huongea bila waya na bila malipo, lakini zikiwa karibu tu, kiasi cha kutoka altare hadi mlango wa kanisa. Ng'ambo ya hapo kila moja huongea peke yake. Maandishi hupanda skrini ya juu ya aliyeyaandika, naye hudhani yamesafiri.

Usijilaumu. Mtu aliyekaa mbali miaka sita akisikia "bila waya", hawezi kuuliza ni umbali wa hatua ngapi. Jirani yangu Anouar, yule wa vifaa vya baiskeli, nilipomweleza alitikisa kichwa. "Mwalimu, hiyo ni kama mimi na mke wangu. Chumba kimoja tunaelewana. Nikienda Dubai, kila mutu anaongea na ukuta wake." Kisha akanipa shauri: ajaribu kutafuta mashine nyingine, nijifiche nayo sebuleni, nimjibu mtoto kwa jina lako. Nilimshukuru nikakataa. Nimesema uongo maishani, lakini sijawahi kuusema kwa mkono wa mwanangu.

Nilimweleza Annick ukweli. Kalamu ilisimama mkononi mwake.

"Lakini inapanda juu, Babu. Naona."

"Inapanda juu ya mashine yako tu, mjukuu wangu."

"Basi Mama hajasoma hata moja?"

"Hata moja."

Akaifunga mashine, akaifungua. "Na zake? Zilibaki kwake vilevile?"

"Zilibaki kwake."

"Basi hakuninyamazia," akasema, na sijamwona akila ugali kwa moyo kama alivyokula jioni ile. Alipomaliza akatoa hukumu. "We, Babu, ndiye utakuwa waya."

Nilimwomba aandike kwenye karatasi, itakuwa rahisi kuiweka ndani ya bahasha. Akakataa. "Kwenye karatasi unanisahihisha." Ni kweli. Sijawahi kuacha ukurasa upite mbele yangu bila wino mwekundu. Kwenye skrini ya chini hakuna wa kumtia alama, maana ukiizima kila kitu kinafutika, na kwa hiyo humo anaandika asichoandika popote. Tumepatana hivi: yeye anaandika na kutuma juu, mimi nanakili kabla hajazima, bila kugusa hata herufi. Kwa mwalimu wa zamani hiyo ni toba.

Haya ndiyo ya wiki hii:

*Mama ni mi Annick. Kalamu haina wino lakini inaandika. Iko mubaya nitazoea.*

*Mama Sista anasema huko baridi inauma masikio. We masikio yako iko sawa?*

*Mama sura yako nimeisahau kidogo. Picha iko lakini picha haigeuke.*

*Mama pango yote nimechora. Imebaki mulango moja. Nagonga na kalamu haifunguke.*

Mistari miwili nimeiacha. Haikuwa na uzito. Niwie radhi.

Baba yako,
Anselme


Liège, 26 Juni 2005

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta vizuri. Huku ni joto, wazee wetu wawili wamekufa wiki moja kwa sababu ya joto tu, wewe ungecheka.

Nilisoma maneno ya Annick kwenye basi ya kwenda kazini. Nilipita kituo changu, nikapita na kingine. Nilishuka mahali sijui. Mwambie masikio yangu iko sawa. Mwambie sura yangu imenenepa, nywele nimekata, lakini ule mwanya wa meno ya mbele bado upo, hata yeye anao.

Mwambie na ule mlango. Mi pia nacheza ile pango, watu wakilala. Ule mlango haufunguki kwa kugonga. Nilipoteza wiki tatu nikigonga. Unaweka kalamu juu yake, unabaki hapohapo, hutoi mkono. Utaona hakuna kitu, utafikiri umekosea. Usitoe. Ukibaki, unafunguka wenyewe.

Baba, ni mistari gani uliyoacha? Ulitufundisha, mi na kaka Murhula, kwamba anayenakili haruki. Ulitupiga fimbo kwa mstari mmoja wa katekisimu. Niandikie hiyo mistari.

Ya kumchukua Annick, najua utauliza. Makaratasi yanachelewa. Ni mambo mengi. Siwezi kuyaandika yote hapa.

Odette


Kinanira, 24 Julai 2005

Mama Annick,

Amani kwako. Uchaguzi umepita katika mtaa wetu kwa utulivu. Nilipiga kura nikiwa nimeshikwa mkono na Annick, maana siku hizi ananichukulia kama kitoto. Ukuta wa nyuma umesimama tena.

Mlango ulifunguka. Aliweka kalamu akabaki. Alitaka kutoa mkono, nami nikamwambia, "Mama yako amesema usitoe." Ulipofunguka hakuruka wala kupiga kelele. Aligeuka akaniambia, "Ni Mama amenifungulia," akachora ramani ya chumba kipya mpaka mwanga wa mashine ukaisha. Kesho yake Anouar alikataa malipo ya kuichaji kwenye jenereta yake. Alisema kalipwa kwa kusimuliwa.

Sista Scholastique ameniambia kwamba amekuandikia habari zangu. Hakuniomba ruhusa, na nimemsamehe, kwa kuwa ningemnyima. Basi sina sababu tena ya kuificha mistari ile. Wa kwanza ulisema hivi:

*Mama Babu anatapika. Anasema ni maharagwe lakini hata uji anatapika.*

Huo niliuacha kwa majivuno. Daktari amelipapasa tumbo langu, akanipa dawa ya maumivu, na hakunipa siku ya kurudi. Nimeishi na watu wenye adabu vya kutosha kujua maana yake. Wa pili ni huu:

*Mama usije kunichukua sasa. Nikienda nani atamupashia Babu maji.*

Huu niliuacha kwa sababu nilipousoma nilifurahi, na furaha hiyo ilinitisha. Mzee anayefurahi kwamba mtoto anataka kubaki kumtazama akifa amepoteza kitu ambacho mapadre hawakumfundisha kukitafuta. Tena niliogopa kwamba wewe nawe ungeufurahia.

Mwanangu, sijawahi kukuuliza neno gumu tangu uondoke. Mumewe hana, baba yake alipotea kabla hajazaliwa, bibi yake amezikwa, mimi niko njiani. Akibaki hapa peke yake atakuwa mtoto wa huruma ya majirani. Njoo umchukue, au tuma mtu. Kama kipo kitu kinachokuzuia ambacho hukuniambia, niambie. Unaongea Lingala, unacheza watu wakilala, na simu ya nyumbani haipigwi. Mimi ni mzee, lakini sijawa mjinga. Sitapaza sauti. Sina ya kupaza.

Baba yako

*(Nakuomba radhi. Naona hapo juu nimeandika "mumewe hana" nikimzungumzia mtoto wa miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nafikiri juu yako.)*


Liège, 11 Septemba 2005

Baba,

Shikamoo. Barua hii ni ya nne. Tatu nimezichana.

Nina mume. Tangu mwaka 2002. Anaitwa Prodige, ni Mkongomani wa Kinshasa, fundi wa lifti. Ni mtu mzuri, Baba, nasema kweli. Mama yake tunaishi naye. Walipokuja kuniposa mama huyo aliniuliza, "Umeshazaa?" Nikajibu apana. Lilitoka lenyewe. Nilikuwa nimechoka kuwa mkimbizi, nilitaka mahali pa kukaa. Halafu picha ya Annick ilianguka kutoka kwa Biblia yangu, Prodige akauliza ni nani, nikasema ni mtoto wa kaka yangu Murhula, marehemu. Tangu siku hiyo nimebaki hapo. Kila mwaka ulivyopita, lile neno lilizidi kuwa zito kulitoa.

Sista aliponiandikia kwamba unaumwa, nililia mbele ya Prodige. Nikamwambia baba yangu anakufa na ule mtoto wa kaka atabaki peke yake. Unajua alisema nini? Alisema, "Tumlete. Damu ya kaka yako ni damu yako." Amejaza makaratasi yeye mwenyewe. Mama yake amekubali, ameshamnunulia viatu vya baridi.

Kwa hiyo anaweza kuja, Baba. Ila atakuja kama mtoto wa Murhula. Kule kwenye ofisi ya komini watahitaji wewe na shahidi mmoja mseme hivyo. Na yeye, nakuomba, umfundishe kuniita Shangazi. Umfundishe polepole ili azoee, asiteleze mezani. Najua ninachokuomba. Nimekiandika huku nimesimama, siwezi kukiandika nimekaa.

Kuna kitu kimoja nimefikiri. Huku tutakuwa nyumba moja. Mashine zitasikilizana. Yeye chumbani, mimi jikoni, anaweza kuniandikia na kuniita jina langu, Mama, nami nitamjibu, halafu tunazima. Hakuna atakayejua. Mwambie hivyo, itamtuliza.

Usimsomee barua hii.

Odette


Kinanira, 20 Novemba 2005

Odette, binti yangu,

Utaona sikukuita kwa jina la mtoto wako, kama ilivyo desturi yetu na kama nilivyokuita tangu alipozaliwa. Najizoeza.

Niwie radhi kwa kukaa kimya hivi. Nilikuwa kitandani sehemu kubwa ya Oktoba. Sasa naketi, na Asiya, dada yake Anouar, ananipikia supu ya mikeke isiyo na mafuta, ambayo ni adhabu kwa samaki na kwangu. Mvua imeanza. Mengine yote ya nyumbani ni salama.

Nilikwenda komini. Anouar alikuwa shahidi wangu. Mimi, niliyefundisha amri kumi kwa miaka thelathini, nilisema mbele ya karani kwamba Annick ni mtoto wa mwanangu Murhula, ambaye basi lake lilichomwa kwenye njia ya Gatumba akiwa hajaoa wala hajazaa. Nilipotoka nje niliketi kwenye ngazi za ofisi. Anouar akanishika kiwiko. "Mwalimu, twende. Mungu atatusamehe, yeye si karani."

Sikukasirika, Odette. Nilitaka kukasirika na nikakuta sina nafasi. Kimoja tu kilinisumbua usiku na mchana. Kama siku ile ya picha ungesema ni mtoto wa dada yako, angekuita mama mdogo, na kipande cha neno kingebaki mdomoni mwake. Lakini hukujaliwa dada. Ulikuwa na kaka, na mtoto wa kaka hana neno lingine kwako ila Shangazi. Ulichagua ndugu uliyekuwa naye kweli, na ukweli huo mmoja ndio uliokufunga.

Barua yako niliificha ndani ya misale yangu. Nilikusudia kuanza kumfundisha nikishapata nguvu. Jioni moja aliniletea maji ya moto, akaketi kwenye kigoda.

"Babu, Mjomba Murhula alikuwa anapenda kula nini?"

Nikamuuliza kwa nini.

"Wakiniuliza kule baba yangu alikuwa namna gani, nisikosee."

Nikajua ameisoma. Sikumgombeza, niliyemfundisha kusoma ni mimi. Nikamwambia Murhula alipenda samaki wa ndagala waliokaangwa mpaka wakawa weusi, na alikuwa akicheka kabla ya kumaliza kusimulia kichekesho chake, hata mwisho wake hatukuwahi kuusikia. Alipiga mluzi kanisani, nikamtoa nje kwa sikio. Annick akataka kujua ni sikio lipi. Nikakumbuka: la kushoto. Tangu tumzike sikulitamka jina la mwanangu mara nyingi hivyo kwa jioni moja. Sijui kama nikushukuru au nikulilie. Amekufa bila mtoto, na wewe umempa.

Kesho yake alianza kusema Shangazi. Analisema akifagia, akiosha vyombo. Mwanzoni alilisema kama mtu anayekanyaga kokoto bila viatu. Sasa linapita. Mezani sijamsikia akiteleza, ingawa nilimtega mara mbili, na nilijichukia mara mbili. Wiki iliyopita Asiya alimuuliza, bila nia mbaya, "Sasa unakwenda kwa nani huko Ulaya?" Akajibu, "Kwa Shangazi Odette," akaendelea kupepeta mchele. Mimi ndiye niliyetoka nje.

Sasa kuhusu mashine. Nilimfikishia shauri lako, ingawa alikuwa ameshalisoma: kwamba katika nyumba moja mashine zitasikilizana, kwamba yeye akiwa chumbani na wewe jikoni ataweza kukuandikia kwa jina lako, nawe utajibu, kisha mtazima. Nililisema kwa uzuri wote nilionao. Nilimkumbusha faida tuliyoigundua pamoja: skrini ya juu ni ya mwenye kutembea mbele za watu, ya chini ni ya mwenye kujua njia.

Alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyolelewa. Halafu akasema:

"Apana, Babu. Ukizima inafutika. Mi sitaki Mama wa kuzima."

Nikamwambia kwamba utaumia, kwamba jioni utaifungua yako jikoni na kungoja.

"Mi nilingoja pia," akasema. Hakulisema kwa ukali. Alikuwa anapima viatu vyake vya shule kama vitatosha kwenye sanduku. "Kama ni Shangazi, awe Shangazi kweli, mchana, mbele ya watu wote. Nitampenda hivyohivyo. Lakini sitamuita kwa siri. Siku akitaka nimuite Mama, aseme yeye kwanza, mezani, pale mume wake anasikia."

Sikupata la kumsahihisha.

Kwa hiyo anaiacha mashine hapa. Ameniwekea ile kalamu kwenye uzi nisiipoteze, na ameniachia pango lote likiwa limechorwa. Anasema mikono yangu haihitaji vitufe, na kwamba siku za maumivu nikitembea humo ndani nitasahau. Nimejaribu. Ni kweli, kwa muda.

Nami nilimuuliza jambo langu moja, kwa kuwa nilikuwa nimebeba mstari wake tangu Mei. Nilimuuliza kama angali anataka kubaki. Akasema anataka. Nikamwambia aende. Alilia, nami nililia, na hapo ndipo mambo yalipokwisha kati yetu, kwa utaratibu. Asiya atakuwa akinipashia maji.

Ataondoka na Sista Scholastique tarehe kumi na saba Desemba na kufika Brussels asubuhi inayofuata. Amevuka kimo cha bega langu. Ule mwanya wa meno bado upo, kwa hiyo mwombe asicheke sana mnapokaa upande mmoja wa meza, mama mkwe wako ana macho. Yeye hali samaki mwenye kichwa. Akiwa na homa huongea usingizini, na sijui ataita nani. Siku hizo mlaze karibu nawe na ufunge mlango.

Prodige mpe heshima zangu. Mwambie namshukuru kwa kumpokea mjukuu wangu. Katika sentensi hiyo hakuna uongo, nimeichunguza.

Najua atakuja nawe uwanjani, pamoja na mama yake na vile viatu vya baridi. Mtoto yuko tayari. Mtamwona akitoka ameshika mkono wa Sista, atakusalimu kwa jina alilofundishwa, na hatakosea. Wewe ndiye ninayekuhofia. Jizoeze, binti yangu, bado kuna siku. Ukimwona, nakuomba, usilie zaidi ya anavyolia shangazi.

Baba yako akupendaye,
Anselme